Kahawa Aliyoinywa Thani

Ukoo wa Bwana Mahfoudh bin Sleyum ulijulikana Unguja nzima, na haukujulikana kwa utulivu. Walikuwa watu wakubwa kweli: mashamba ya mikarafuu, nyumba ya ghorofa tatu Vuga, na udugu wa mbali na wafalme ambao hawakuchoka kuutaja hata kwa muuza maziwa. Lakini kilichowafanya wasemwe kila baraza ni mabinti watatu wa nyumba ile.

Mkubwa, Shaikha, alijifunza kuendesha gari kabla hajajifunza kulisimamisha. Siku moja aliliingiza ndani ya duka la vyombo Darajani, akashuka, akachagua birika, akamwambia mwenye duka ampelekee baba yake hesabu, akarudi nyumbani kwa miguu huku birika kalibeba. Wa pili, Aliya, aliolewa mara nne, na yule mume wa tatu hakuwahi hata kumwona uso, maana wakati bwana harusi yumo msikitini anaozeshwa, bibi harusi alikuwa keshapanda ndege ya Mombasa. Mdogo, Nasriya, alipelekwa Misri kusoma uuguzi. Mwaka haukutimia, sauti yake ikasikika redioni ikiwatukana wafalme wote wa dunia kwa majina yao, jamaa zake wakiwemo.

Kati ya Aliya na Nasriya alizaliwa mtoto wa kiume. Aliitwa Thani, na watu wengi waliokula na kunywa katika nyumba ile miaka nenda miaka rudi wangeapa kwamba Bwana Mahfoudh hakujaaliwa mtoto wa kiume. Hakuna aliyemchukia, masikini. Walimsahau tu. Siku moja familia nzima ilifunga safari kwenda shamba, magari mawili yakaondoka, na Thani akabaki ngazini na mfuko wake wa nguo. Baada ya robo saa gari moja likarudi mbio. Thani akasimama, akajifuta vumbi, akatabasamu. Dereva akapanda ngazi, akashuka na kasuku wa Aliya aliyekuwa amesahauliwa, akaondoka naye.

Mtu mwingine angekua na kinyongo. Thani alikua na sindano. Kwa kuwa hakuna aliyemwita popote, alikaa chumba cha nyuma na mzee mmoja wa ukoo aliyekuwa akishona kofia, na akiwa na miaka kumi na mitano aliweza kuchora kwenye kitambaa cheupe maua ambayo watu wazima waliyakodolea macho. Alikuwa mchangamfu, mwepesi wa kucheka, na hakuwahi kuomba kitu. Akipewa alishukuru, asipopewa aliendelea kushona.

Mambo yalipogeuka Unguja mwaka wa sitini na nne, wazee wake walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Shaikha akaangukia London, Aliya akabaki Mombasa na mume wa nne, Nasriya alikuwa bado yuko Misri hana mfalme aliyembakisha bila kumtukana. Thani, miaka thelathini na mitano, akajikuta Maskati, nchi ya babu zake ambayo hakuwahi kuiona, na mzigo mdogo wenye kanzu mbili, sindano, uzi na penseli.

Alipata chumba Matrah, nyuma ya soko, na jina la nyumba yao lilikuwa limeshafika kabla yake. Alikwenda kununua samaki, muuzaji akamuuliza anaitwa nani.

"Thani bin Mahfoudh bin Sleyum."

"Mahfoudh wa Vuga? Wewe ni nani kwa yule wa redioni?"

"Dada yangu."

"Lahaula! Na yule wa gari?"

"Naye."

Muuzaji akaita wenzake waje wamtazame. Wakamtazama, wakaona mtu mfupi, mnene kidogo, mwenye penseli sikioni, wakakata tamaa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila alipokwenda, na yeye hakukasirika. Aliwahadithia ya birika, wakacheka, akacheka nao, akarudi chumbani kwake kushona.

Kazi ikawa nyingi kuliko mikono. Kofia za Unguja zilipendwa na watu wa Maskati, na za Thani zilipendwa zaidi, lakini mtu mmoja hawezi kuchora, kutoboa, kudarizi vitobo vyote na kuunga. Ndipo jirani yake Harub, mzee wa Nizwa aliyewahi kuishi Pemba na sasa akiuza asali sokoni, akamwambia kwamba Darsait, ng'ambo ya kilima, yupo binti anayejua kudarizi. Ni Muhsina, binti wa Sheikh Marhoon muuza ndimu kavu, aliyerudi kutoka Unguja mwaka ule ule, mjane, na asubuhi akiwasomesha Kurani watoto wa kike wa mtaani.

Mpango ukawa hivi. Thani alichora maua na kupeleka vitambaa Darsait, Muhsina akadarizi vitobo, kisha Thani akaunga kofia na kuzimaliza. Aliyebeba kifurushi huku na huku ni Bi Zuweina, mama yake Sheikh Marhoon, ajuza mwenye miguu ya chuma aliyekuwa akivuka kilima cha kuja Matrah mara mbili kwa wiki akilalamika njia nzima. Pamoja na kifurushi alileta maneno.

"Muhsina kasema ua la kushoto limekonda," alisema Bi Zuweina siku moja akijitupa kwenye mkeka.

"Mwambie litanenepa inshallah."

Wiki ya pili: "Kasema limenenepa, lakini sasa la kulia lina wivu."

Thani alicheka mpaka akajichoma kidole. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake mtu kutazama alichokifanya kwa makini hivyo, na kumjibu. Kufikia mwaka wa sitini na sita alikuwa akichora maua mengine yasiyo na lazima, ya taabu tupu, ili asikie tu atasema nini. Hakuwahi kumwona wala kuisikia sauti yake. Lakini alimpenda, na akajua kwamba anampenda, na jambo hilo likamtisha kwa sababu lilikuwa kitu anachokitaka, na yeye hakuzoea kutaka.

Kisha Bi Zuweina akaja na maneno ambayo Muhsina hakumtuma.

"Kuna mtu wa Wattaya kamposa," alisema bila kumtazama. "Ana mitende na kisima. Atakuja Jumatatu kuchukua jibu. Mie nshasema, sina zaidi."

Thani aliacha kushona. Siku ile ile jioni akaenda kwa Harub, akamwambia yote, na uso ukamwiva. Harub akafurahi kupita kiasi, akampiga mgongoni, akasema Ijumaa baada ya alasiri watakwenda Darsait.

"Unguja mwenye kuposa hukaa kwao, wakenda wazee," alisema Thani.

"Wewe wazee huna. Una mimi. Twende pamoja, wewe ukae kimya, mimi ntasema."

"Kukaa kimya najua," alisema Thani, na kweli alijua.

Ijumaa ikafika. Walivuka kilima, Harub kavaa jambia lake la fedha, Thani kavaa kofia mpya ambayo vitobo vyake vilidariziwa katika nyumba ile ile anayokwenda. Sheikh Marhoon aliwapokea sebuleni. Alikuwa mtu mrefu, mwenye ndevu nyeupe na macho ya kutania, na alijua vizuri kabisa wamefuata nini, maana Darsait haikuwa na siri. Kwa heshima ya jina la Bwana Mahfoudh, alimwashiria mtumishi wake, mzee mwenzake, aanze kutilia kahawa kwa Thani.

Hapo ndipo balaa lilipotokea, na tusimcheke haraka. Kwao Vuga, dele, birika la kahawa, lilianza kwa baba, likaenda kwa wageni, likaenda kwa Shaikha ambaye hakungoja, na lilipomfikia Thani lilikuwa na machicha. Miaka yote ile ndivyo alivyokunywa. Leo sebule nzima ya wazee imekaa, na kikombe cha kwanza kabisa, cha moto, chenye harufu ya iliki, kinanyooshwa kwake. Kilimgusa moyo. Akakipokea kwa mkono wa kulia, akanywa chote, akashukuru, akakitikisa kidogo kama alivyojifunza Maskati kwamba ndiyo alama ya kutosheka, akakirudisha.

Harub, ambaye alikuwa amekiweka kikombe chake chini bila kukionja, alifumba macho.

Kisha Sheikh Marhoon akashusha pumzi, na pumzi ile ilikuwa ya mtu aliyeepushwa na jambo.

"Alhamdulillah," akasema. "Wageni wetu wamekuja kutusalimia. Karibuni sana. Ehe, Bwana Thani, hebu tuhadithie, ile habari ya birika ni kweli?"

Thani akamtazama Harub. Harub akatazama mkeka. Kwa kuwa aliambiwa akae kimya kuhusu posa tu, Thani akahadithia ya birika, kisha ya ndege ya Mombasa, kisha kasuku. Wazee wakacheka mpaka wakafuta machozi. Magharibi ilipokaribia wakasindikizwa mpaka mlangoni kwa heshima zote, na jina la Muhsina halikutajwa hata mara moja.

Walipofika juu ya kilima Harub akalipuka.

"Umekunywa! Yakhe, umekunywa!"

"Nimepewa."

"Mwenye haja hanywi! Anaweka kikombe chini. Mwenyeji anamuuliza, una nini? Anasema haja yake. Mwenyeji akikubali, anamwambia kunywa. Wewe umekunywa, umeshukuru, umetikisa. Maana yake huna haja na mtu. Mie ningesema nini tena?"

"Mbona hukunambia?"

"Nikwambie? Mtu huambiwa avae nguo kabla ya kutoka?"

Thani akakaa juu ya jiwe. "Nilitiliwa mimi wa kwanza," alisema taratibu. "Sijapata kutiliwa wa kwanza tangu nizaliwe. Nimefurahi, nikasahau kila kitu."

Harub alikuwa na maneno mengine makali tayari mdomoni, akayameza. Alikaa naye pale kwenye jiwe, akamwambia kwamba kurudi tena na posa ile ile ni aibu, kwamba yeye kwa umri wake haiwezi, na kwamba huenda riziki yake iko kwingine. Alisema kwa upole sana, na upole ule ulimuumiza Thani kuliko kelele.

Jumamosi asubuhi Bi Zuweina akaja. Akakitua kifurushi, Thani akakifungua. Vitambaa vilikuwa vile vile alivyovipeleka, maua ya penseli matupu, hakuna hata kitobo kimoja.

"Muhsina kasema, asiye na haja ya mtu hana haja ya kushoniwa."

Thani akavigeuza vitambaa upande wa pili.

"Alikuwa nyuma ya pazia," akaendelea Bi Zuweina. "Kavaa nguo ya kijani, mpya, haijaguswa na maji."

"Kwa nini avae nguo mpya nyuma ya pazia, bibi?"

Ajuza akamtazama kwa huruma. "Wee mwanangu, na wewe! Umesoma skuli gani?" Akainuka, akaenda zake akigombana na magoti yake.

Thani alibaki na vitambaa mapajani. Alijisikia vibaya kama ambavyo hakuwahi kujisikia, na ndani ya kujisikia vibaya huko kikaingia kitu kipya: hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake mwenyewe. Aliona kwamba maisha yake yote alikaa ngazini na mfuko wa nguo akitabasamu, na kwamba kutabasamu kule watu wamekudhania ni kutosheka. Hata Muhsina sasa anadhani hivyo. Akavaa kanzu yake, akatoka.

Duka la Sheikh Marhoon lilikuwa katikati ya soko la Matrah, pahali ambapo njia inabana mpaka watu wawili wenye mizigo hawapishani. Magunia ya ndimu kavu yalijaa mpaka nje. Thani akatoa salamu, akakaa kwenye benchi la wageni. Yule mtumishi mzee akamletea kahawa. Thani akakipokea kikombe, akakiweka mbele yake juu ya gunia, akakunja mikono.

Sheikh Marhoon alikiona, akajifanya hakukiona.

"Kunywa, Bwana Thani, inapoa."

"Inshallah, sheikh."

Sheikh akahudumia mteja mmoja, akahudumia wa pili, akapanga upya ndimu ambazo zilikuwa zimepangika. Kahawa ikapoa. Mtumishi akaimwaga, akatia nyingine. Hiyo nayo ikapoa. Wapita njia wakaanza kuona. Matrah yote ilijua maana ya kikombe kinachokaa, na mtu mmoja akasimama kutazama, wakawa watano, wakawa kumi na watano. Mchukuzi mmoja wa Kibaluchi mwenye gunia la mchele mgongoni akajikuta hapiti mbele wala nyuma. Habari ikamfikia Harub penye asali zake. Akaja mbio, akapenya, akakaa pembeni ya Thani bila kusema neno, akakataa kahawa yake naye.

Kikombe cha nne kilipopoa Sheikh Marhoon akaacha ndimu zake.

"Haya," akasema. "Una nini?"

Thani akainuka. "Nimekuja kuomba uniozeshe Muhsina. Jana nilikunywa kwa ujinga. Sikuijua ada, na kosa ni langu."

"Nlijua kuwa ni ujinga," alisema Sheikh Marhoon. "Na nnakwambia kweli mbele ya watu hawa, nlishukuru. Wewe sina ubaya nawe. Lakini nikikuoza, mie nimekuwa jamaa wa Nasriya. Kesho akitukana redioni, atakayeulizwa ni mie. Na yule wa magari akija huku, hili duka langu liko njiani."

Watu wakacheka. Thani hakucheka.

"Dada zangu siwezi kuwakana, sheikh. Nawapenda, na wakija watakuja kwangu. Lakini wao hawajaomba kitu maisha yao. Walichotaka walichukua. Mimi sikuchukua, wala sikuomba, nikawa naishi kwa kinachobaki. Hili ndilo la kwanza ninaloomba kwa mtu. Ukikataa ntaondoka, sitakulaumu. Ila nilitaka ujue kwamba haja nnayo."

Sheikh Marhoon akachezea ndevu zake. Ndipo yule mchukuzi wa Kibaluchi, jasho likimtiririka, akapiga ukelele: "Mpe, sheikh! Mpe, tupite!"

Sheikh Marhoon alijaribu kujizuia akashindwa. Alicheka mpaka akashika gunia. Akachukua dele mwenyewe kutoka mkononi mwa mtumishi, akatia kikombe cha tano, akampa Thani.

"Kunywa," akasema.

Thani akanywa. Soko likashangilia, Harub akalia, mchukuzi akapita.

"Lakini sikiliza," alisema Sheikh Marhoon akimshika bega. "Hiyo ni yangu mie. Yeye mtoto si kigori, keshawahi kuolewa, na jana kakasirika sana. Kasema hamtaki mtu asiyejua anachotaka. Mtu wa Wattaya hamtaki pia, lakini hilo halikusaidii. La kwake kalimalize mwenyewe."

Wakafunga duka na kwenda Darsait, Sheikh Marhoon mbele, Thani na Harub nyuma, na nyuma yao watu wanane hivi ambao hawakualikwa na mtu. Jua lilikuwa kali, na Thani hakulihisi. Walipofika, Sheikh akaingia ndani, Thani akabaki nje ya mlango wa ua uliorudishwa. Bi Zuweina alikuwa kakaa kizingitini anachambua mchele. Akauacha mchele.

Sauti ikatoka nyuma ya mlango. Ilikuwa nzito kidogo kuliko alivyoidhania, na tulivu.

"Umekuja kusalimia?"

"La," alisema Thani.

"Umekuja kuhadithia ya kasuku?"

"La."

"Basi unataka nini?"

Miaka thelathini na saba alikuwa amekaa duniani, katika nyumba yenye watu wakubwa na makelele, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Nyuma yake watu wanane wakasogea.

"Nnakutaka wewe, Muhsina. Nnataka uwe mke wangu."

Nyuma ya mlango: "Sema tena. Bibi hakusikia."

"Sikusikia kabisa," alisema Bi Zuweina, ambaye alikuwa hatua moja kutoka kwake.

Thani akavuta pumzi, akapaza sauti ambayo hakujua kama anayo. "Nnakutaka wewe, Muhsina!" Madirisha yakafunguka. Mwanamke mmoja upande wa pili wa njia akapiga kigelegele kabla hajajua ni cha nini, na kutoka ndani ya ua Sheikh Marhoon akasikika akisema aibu gani hii, huku anacheka.

"Sasa nimesikia," ilisema ile sauti, na haikuwa tulivu tena. "Nami nlikuwa nakungoja tangu mwaka jana, useme. Mwambieni baba aweke chakula cha watu wote hao."

Thani akakaa kizingitini pembeni ya Bi Zuweina, mbele ya watu wote, akalia na kucheka kwa pamoja, na hakuona haya hata kidogo.